Fundi Asiye na Cheti na Cheti Kisicho na Fundi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatangazwapo, nyumba za nchi hii hugawanyika mafungu mawili. Ipo nyumba ipigayo vigelegele, na ipo nyumba ambayo baba hutoka kimya akaenda kuketi barazani. Katika nyumba hii ya pili, baada ya siku chache za manung'uniko, husikika kauli moja ambayo sisi twaona wakati umefika wa kuikemea hadharani. Kauli yenyewe ni hii: "Basi, na aende akajifunze ufundi, maana hana jinsi nyingine."

Mzazi asemaye hivyo ameketi juu ya kiti alichokitengeneza seremala. Taa inayomwangazia ilifungwa na fundi umeme, na ukuta anaouegemea ulisimamishwa na mwashi kwa timazi na pimamaji. Maji anayokunywa yalifikishwa kwake na fundi bomba. Watu hao wote anawahitaji kila siku ya maisha yake, na siku wanapokosekana hulia kwa sauti kubwa. Lakini mwanawe akitaka kuwa mmoja wao, huona msiba umeingia nyumbani.

Katika mwaka 2023, na tena katika mwaka 2024, vijana zaidi ya nusu milioni walikalia mtihani huo wa Kidato cha Nne. Walioendelea na Kidato cha Tano ni sehemu tu ya jeshi hilo. Waliobaki hawakufutika duniani. Wamo mitaani mwetu, wana mikono na wana akili, nao wanataka kula, kuoa, kuolewa na kujenga. Kuwaambia kwamba wameshindwa maisha wakiwa na umri wa miaka 17 au 18 ni dhuluma, tena ni hasara kwa Taifa. Kwa hivyo leo twapenda kulichambua jambo hili la mafunzo ya ufundi bila ya kulipamba na bila ya kulibeza: linampatiaje mtu kazi yenye heshima na kipato, na ni wapi linapokwama.

Dharau Ilikotoka

Dharau hii haikuzaliwa nasi. Katika enzi ya ukoloni kijana aliyejua kusoma alitamani kazi ya ukarani, kwani karani alivaa shati jeupe, alikaa kivulini na alikuwa karibu na bwana mkubwa. Fundi alifundishwa kwa kadiri tu ya mahitaji ya Serikali ile. Shule ya ufundi ya Ifunda, huko Iringa, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ile ya Moshi ikafuata mwaka 1957. Zilitoa mafundi hodari, lakini zilikuwa chache mno kwa nchi kubwa kama Tanganyika, na wengi waliziona kuwa ni za wale wasiopata nafasi katika shule nyingine.

Baada ya Uhuru, shule hizo ziligeuzwa kuwa za sekondari. Nia ilikuwa njema, yaani kuunganisha kalamu na nyundo, lakini heshima ya kalamu iliendelea kuipita ya nyundo. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akaonya kwamba shule inayomtenga mwanafunzi na kazi za wazazi wake humfanya ajione ni mtu wa tabaka jingine. Onyo hilo lilipigiwa makofi kote nchini. Hata hivyo, wengi waliolipigia makofi walikwenda nyumbani wakaendelea kuwahimiza watoto wao wafanye kazi za ofisini.

Serikali nayo haikukaa kimya. Ilipitishwa sheria ya mafunzo ya ufundi mwaka 1974, na mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo wananchi wote wanaijua kwa jina la VETA. Katika miaka ya karibuni umetangazwa mpango wa kujenga vyuo vya ufundi katika wilaya 64 zilizokuwa hazina, pamoja na chuo cha Mkoa wa Songwe. Tena Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari, na baadhi ya shule zilikwisha kuuanza mwaka 2024.

Basi majengo yapo na mengine yaja. Tatizo lililo mbele yetu sasa limejificha katika watu wawili ambao kila msomaji wetu anawajua. Wa kwanza ni fundi asiye na cheti. Wa pili ni mwenye cheti asiye fundi.

Fundi Asiye na Cheti

Natumtazame kijana wa mtaani ambaye amejifunza kazi ya umeme kwa kumfuata mjomba wake. Alianza kwa kubeba ngazi na kupasua ukuta kwa tindo. Baadaye akaruhusiwa kuvuta waya, kisha kufunga swichi, hata leo anaweza kuufunga umeme katika nyumba nzima peke yake. Mikono yake ni mizuri na wateja wanamsifu. Lakini sheria za nchi yetu zinataka kazi ya kufunga umeme ifanywe na mtu mwenye leseni itolewayo na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na leseni hiyo haipatikani bila ya cheti cha mafunzo. Tena mwenye nyumba akitaka kuunganishiwa umeme, ni lazima kazi hiyo ithibitishwe na mkandarasi mwenye leseni.

Hapo ndipo kijana wetu anapokamatwa. Kazi ameifanya yeye, jasho limemtoka yeye, lakini sahihi ni ya mtu mwingine, na sahihi hiyo ina bei. Mara nyingi mwenye sahihi hata kwenye nyumba hafiki. Huo, ndugu wasomaji, ni unyonyaji, ijapokuwa hauna kiwanda wala mnyapara. Mmoja anaishi kwa mkono wake na mwingine anaishi kwa muhuri. Na mwenye nyumba naye yumo hatarini, kwani kama kuna waya uliofungwa vibaya, hakuna mjuzi aliyeukagua.

Kwa mafundi wa namna hii ipo njia ambayo bado haijulikani vya kutosha, nayo ni kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambako wengine huita kurasimisha ujuzi. Fundi hupimwa kwa vitendo mbele ya wajuzi wa kazi yake, huelezwa yaliyopungua, hufundishwa hayo tu, kisha hutunukiwa cheti. Hatakiwi kuanza tena alifu na ujiti, kana kwamba miaka 10 aliyoitumia katika karakana ya uani ilikuwa miaka ya usingizi. Kazi hii hufanywa na VETA, na tangu mwaka wa fedha 2016/17 imeingizwa pia katika Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Faida yake ni kubwa kuliko karatasi yenyewe. Mwenye cheti anaweza kuomba leseni kwa jina lake. Anaweza kuajiriwa katika kampuni ambayo haimpokei mtu asiye na uthibitisho. Akitaka kusonga mbele, ngazi ipo: vyeti vya ufundi stadi vina madaraja matatu, na aliyefika daraja la tatu aweza kuomba nafasi katika vyuo vya ufundi vya kati, na kutoka huko akaifikia stashahada na hata shahada. Wahenga walinena kwamba ujuzi hauzeeki. Ni kweli, lakini ujuzi usiotambuliwa na mtu huendelea kulipwa ujira wa mwanagenzi hata mwenyewe awe na mvi.

Cheti Kisicho na Fundi

Sasa natumgeukie yule wa pili. Huyu amekaa chuoni muda wake wote, amefaulu, anavyo vyeti katika bahasha safi. Lakini mwenye karakana anapompa kipande cha chuma na kumwambia aunganishe fremu ya dirisha, mkono unatetemeka. Aliiona mashine ya kuchomelea, aliichora katika daftari, akakariri majina ya sehemu zake zote. Kuishika aliishika mara chache, kwa sababu mashine ilikuwa moja na wanafunzi walikuwa wengi, na vifaa vya kuchezea moto vilikwisha kabla ya muhula.

Hatusemi kwamba vyuo vyote viko hivyo. Viko vyuo vinavyotoa vijana wanaonyang'anyiwa na waajiri kabla hawajavua sare. Twasema tu kwamba gharama ya kumfundisha fundi ni kubwa kuliko gharama ya kumfundisha karani, na asiyetaka kuilipa gharama hiyo asidanganye kwamba anafundisha ufundi. Seremala hujifunza kwa kuharibu mbao. Mwashi hujifunza kwa kujenga ukuta, kuubomoa na kuujenga tena. Fundi magari hujifunza juu ya injini ya kweli yenye oili na kutu. Chuo kisicho na mbao za kuharibiwa, saruji ya kumwagwa na injini ya kufunguliwa, hicho ni darasa tu lenye jina la karakana. Na onyo hili twalitoa mapema kwa shule zetu za mkondo wa amali: jengo jipya lililopakwa rangi halimfundishi mtoto kupiga randa.

Kasoro hii haiwezi kutibiwa na chuo peke yake. Dawa yake inajulikana, nayo ni ya zamani: uanagenzi. Mwanafunzi agawanye muda wake baina ya chuo na mahali pa kazi, ajifunze kwa nini huku na ajifunze vipi kule. Nchi iliyosifika zaidi kwa utaratibu huu ni Ujerumani. Kule, kwa sheria ya mwaka 1969 iliyoutia nguvu utaratibu wa tangu zamani, kijana hutia sahihi mkataba na kampuni, hulipwa posho, huwa kazini siku kadhaa za juma na chuoni siku zilizobaki. Mtihani wake wa mwisho husimamiwa na vyama vya waajiri na vya mafundi, na wafanyakazi nao huwa na viti katika kamati ya watahini. Kazi zinazofundishwa hivyo zapita 300, tangu fundi mitambo hata karani wa benki. Ndiyo kusema kule neno "mwanagenzi" halina harufu ya umaskini.

Sisi si Wajerumani, na hatuna viwanda vingi kama vyao. Lakini uanagenzi si mgeni kwetu. Muda mrefu kabla ya vyuo, watengeneza majahazi wa pwani, wahunzi wa bara na wachonga milango wa Unguja walirithishana kazi kwa njia hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni kuupa desturi hii mkataba, muda maalumu, posho na mtihani, na miongozo ya Serikali juu ya jambo hilo ilikwisha kutolewa. Kilichobaki ni waajiri kufungua milango.

Fedha Zatoka Wapi?

Hapa twafika penye mfuko, na penye mfuko ndipo ukweli unapojulikana. Iko kodi iitwayo Kodi ya Kuendeleza Ujuzi. Hulipwa na mwajiri, nayo hupimwa kwa jumla ya mishahara anayowalipa wafanyakazi wake. Kabla ya mwaka 2013 kiwango chake kilikuwa asilimia 6. Kimepunguzwa mara kadhaa, hata mwaka 2023 kikateremka hadi asilimia 3.5. Tena mwaka 2021 waajiri wadogo walipunguziwa mzigo, kodi ikawa ni ya wenye wafanyakazi 10 au zaidi.

Waajiri wanayo haki ya kulalamika kodi ikiwa kubwa, na Serikali imewasikiliza. Lakini kila punguzo ni hoja yenye pande mbili. Ikiwa mwajiri sasa anatoa kidogo katika mfuko, basi na atoe zaidi katika karakana yake. Apokee wanagenzi, awape mtu mzima wa kuwaongoza, awaache washike mashine. Kampuni inayolia kila siku kwamba "hakuna mafundi hodari", na wakati huo huo ina bango langoni lisemalo "hakuna nafasi za mafunzo", inavuna shamba ambalo haikulipanda.

Kwa upande wa pili, mfanyakazi naye ana haki ya kuuliza. Kodi hii hukatwa kwa kipimo cha mishahara, yaani kwa kipimo cha jasho lake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha hizo imekuwa ikienda kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na sehemu ndogo ndiyo iliyobaki kwa ufundi stadi. Sisi hatuna ugomvi na wanafunzi wa vyuo vikuu, kwani ni watoto wetu hao hao. Twasema tu kwamba kodi iliyopewa jina la ujuzi isifanye karakana ziwe za mwisho katika foleni. Kila shilingi iliyokusanywa kwa ajili ya ujuzi ionekane katika misumeno, nyaya, vyuma na mishahara ya walimu wa ufundi. Walimu hao wenyewe wakiwa na njaa, watakimbilia kwenye makampuni, na chuo kitabaki na madaftari.

Cheti, Mkono na Vyombo

Tuseme sasa kijana wetu amepata vyote viwili, mkono na cheti. Je, amekwisha kufika? Bado. Mshonaji asiye na cherehani, fundi bomba asiye na spana na seremala asiye na randa ni sawasawa na mvuvi aliyesimama ufukweni bila ya ngalawa. Wengi waliofuzu hukwama hapa, kisha majirani husema kwamba ufundi haulipi. Ukweli ni kwamba hawajaujaribu, kwa kuwa hawana cha kuujaribia.

Njia zipo, nazo zafaa zijulikane. Halmashauri zetu zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zilizoonekana, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha mafundi watano walio na vyeti, wanaoomba fedha ya mashine wanayojua kuitumia, ni wadaiwa wa kuaminika kuliko kikundi kilichokusanyika jana kwa kusikia kwamba kuna fedha. Viongozi wanaogawa mikopo hii walikumbuke hilo. Aidha lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa kazi hasa ya kumsaidia mtu mwenye karakana ndogo. Na sheria ya ununuzi wa umma imeyatengea makundi maalumu, vijana wakiwamo, asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za Serikali. Madawati ya shule ya kata yanaweza kutengenezwa na vijana wa kata hiyo hiyo, ikiwa wameungana, wamejisajili na wana uwezo uliothibitishwa. Kama madawati hayo yanaagizwa kutoka mbali huku maseremala wenye vyeti wamekaa kijiweni, basi hapo mtu aulizwe.

Ufundi Haufanyi Miujiza

Wako wenzetu watakaotuambia, "Mbona twawajua waliotoka vyuoni na hawana kazi?" Hatuwabishii. Ufundi haufanyi miujiza, na atakayewaahidi vijana kwamba cheti pekee kitawaletea utajiri anawadanganya. Mtaa ukiwa na mafundi cherehani 20 na watu wa kushonewa wachache, wa 21 atapata taabu hata awe hodari namna gani.

Kwa hiyo kuchagua kazi ni nusu ya mafunzo. Kijana asiende kujifunza jambo kwa kuwa rafiki yake yuko huko, wala chuo kisifundishe jambo kwa kuwa ndilo lililofundishwa tangu enzi na enzi. Natutazame nchi inakwenda wapi. Treni ya umeme ilianza safari baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nayo inataka watu wa kutunza nyaya, mabehewa na mitambo ya ishara. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na umeme huo ukifika vijijini utahitaji mafundi wa kuutandaza majumbani na kuutengeneza unapoharibika. Bajaji na magari yanayotumia gesi asilia yanazidi kuonekana Dar es Salaam, na kazi ya kuyabadilisha ni ufundi ambao miaka 20 iliyopita haukujulikana mtaani. Majokofu ya wauza samaki, pampu za wakulima wa mboga, paneli za umeme wa jua katika zahanati: vyote hivi huharibika, na kila kinachoharibika ni riziki ya mtu anayejua kukitengeneza.

Wala tusiwasahau dada zetu. Kwa muda mrefu msichana aliyekwenda kujifunza ufundi alielekezwa kwenye sindano na sufuria. Ushonaji na upishi ni kazi njema zilizolea watoto wengi, lakini si haki kumfungia mlango wa karakana anayetaka kushika spana. Waya wa umeme haumuulizi mtu jinsia yake. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinafaa kusifiwa hapa, kwani vingi vimewapokea wasichana waliokatiza masomo, na baadhi vina mahali pa kuwatunzia watoto ili mama apate kusoma. Huo ndio msaada ulio na akili: haumhukumu mtu kwa jana yake, bali humpa chombo cha kesho.

Kila Mtu na Wajibu Wake

Twapenda kumaliza kwa kusema wazi nani afanye nini, maana jambo la watu wote huwa si la mtu.

Wazazi waache kumpeleka mtoto chuoni kwa uso wa msibani. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto anayependa kufungua redio na kuifunga tena, asichapwe kwa kuharibu, aulizwe kama anapenda umeme.

Mafundi wa mitaani wasiuonee haya mtihani. Kupimwa si kudharauliwa. Waende wakaulize katika chuo cha VETA kilicho karibu jinsi ya kutambuliwa ujuzi wao, wasiendelee kulipia sahihi za watu wengine.

Waajiri wafungue karakana zao. Mwanagenzi wa leo ndiye msimamizi wa kesho, na aliyelelewa ndani ya kampuni huijua kuliko mgeni anayenunuliwa kwa bei kubwa.

Vyama vya wafanyakazi vina kazi mbili. Ya kwanza ni kuona kwamba wanagenzi wanapokewa. Ya pili ni kuona kwamba hawageuzwi vibarua wa bure. Wako waajiri ambao wakipewa wanagenzi 10 huwafukuza wafanyakazi 5, na kazi ikifanywa na watoto wasiolipwa wanaita hayo "mafunzo". Mwanagenzi awe na mkataba, awe na mwalimu, awe na kofia ya chuma na viatu vya usalama, tena ajue siku atakayofuzu. Mfanyakazi mzoefu asimfiche ujuzi kwa kuogopa kunyang'anywa kazi. Mkataba mzuri unamlinda yeye kuliko siri za kazi.

Nao vijana wenyewe wajue kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama huko ni kuamka alfajiri, kupakaa grisi, kukosea mbele ya watu na kurudia. Ni kutimiza ahadi ya siku uliyompangia mteja, kwa sababu fundi wengi wamepoteza heshima si kwa kukosa ujuzi bali kwa neno lao la "njoo kesho". Fundi mwenye mkono, mwenye cheti, mwenye vyombo na mwenye kauli ya kweli, huyo hatafuti kazi muda mrefu. Kazi ndiyo humtafuta.

Na siku atakapojenga nyumba yake mwenyewe, akafunga taa kwa mkono wake na kutia sahihi kwa jina lake, na baba yake atoke barazani aingie ndani, akaangalie vizuri ile taa.